Bibi wa Piyaya alikuwa anaomba hivi

Jumatano asubuhi, Karatu. Ukungu haujapanda, hata zizi silioni.

Dorka mwanangu, hujambo? Mimi sijambo. Baba yako hajambo, yuko kambini Ngorongoro anapikia wageni, atarudi mwisho wa mwezi. Bibi mzaa baba amehamia kwa shangazi yako kwa ajili ya miguu, naye hajambo. Kaka yako Eliya hajambo huko Arusha, ila hapigi simu. Ng'ombe hajambo. Nyumbani tumebaki mimi na yeye.

Ukurasa huu ulinifungulia wewe, ukasema niandike ya moyoni, utakuwa unasoma Jumamosi kwenye kompyuta za shule. Haya. Na wengine mnaopita humu, someni tu.

Jumamosi iliyopita ulinipigia kwa simu ya matroni. Mwalimu wenu wa kipaimara amewapa swali la kuuliza nyumbani: kabla kanisa halijafika, bibi zenu walimwombaje Mungu? Jumapili hii kila mmoja atasimama aseme. Nikaanza kukujibu vile tulivyokaririshwa. Ukacheka. "Mama, hayo ya kitabu mwalimu ameshayachoka. Nataka ya bibi wa Piyaya."

Nikakwambia bibi wa kule kijijini Piyaya, mama yangu mzazi, hakuwa na dini wala hakuomba. Ukasema, "Basi mimi sina cha kusema," ukamrudishia matroni simu yake.

Nilidanganya.

Sisi mafundisho ya ubatizo yalikuwa swali na jibu, mmesimama mstari. Shule niliishia darasa la nne, lakini majibu yale nilikuwa nayo yote. Siku moja mwalimu akauliza, nani kwao bado wanamwaga maziwa asubuhi? Wenzangu wakanigeukia. Nikasema yule mwanamke si mama yangu, nakaa kwake tu.

Wiki ile nikabatizwa. Mama alikuja, akakaa nyuma kabisa, amevaa shanga zake zote.

Leo mnafundishwa kwamba na yeye alikuwa anamwita Mungu huyo huyo. Nimefurahi, halafu nimeumia. Kanisa limebadilika yeye ameshazikwa.

Basi sikiliza. Akishakamua alitoka nje ya boma na kibuyu, akanyunyiza maziwa kidogo kuelekea jua linakotokea, akamwita Engai, ndivyo kwetu tunavyomwita Mungu. Halafu akawataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, mpaka ndama. Mimi alinitaja mwisho kwa kuwa nilikuwa mdogo wao. Hata baada ya siku ile aliendelea kunitaja.

Leo nimekamua, nikasimama uani na kikombe. Mkono haukuinuka. Nimewataja tu kimoyomoyo, nikaanza na wewe.

Sema hivyo Jumapili. Sema na kwamba mama yako alimkana mama yake. Au hilo liache, utaona mwenyewe.

Ukimaliza nitumie neno haraka, hata kwa simu ya matroni. Na kama kuna aliyecheka, niambie pia.