Nimesifia Hoteli Yenye Kunguni Ili Wifi Asinicheke

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaaibika mbele ya ukoo mzima, mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo na mume fundi friji, maisha yanakwenda, tatizo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye juzijuzi mumewe alimpeleka hoteli ya kifahari akatujazia picha kwenye kundi la familia, mara kajilaza kwenye kitanda kipana, mara yuko kando ya bwawa la kuogelea na gauni la mikono mirefu anacheka meno yote nje, basi mimi nikashikwa na wivu hadi chakula hakipiti, nikamwandama mume wangu mpaka akatumia hela aliyoiweka ya kununulia vifaa vyake vya kazi, tukaenda hoteli hiyohiyo.

Mshauri, kile chumba! Ukungu mweusi umepanda ukutani hadi darini, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye mito, mende wanatembea bafuni kama wamelipia wao, na kunguni walitutafuna tukaamka tumejaa vipele, mume wangu akasema, "Mama watoto, twende mapokezi tukadai chetu," nikamwambia nyamaza, dada yako atasikia, nikatafuta pembe moja isiyo na ukungu, nikapiga picha, nikaandika "Raha tupu" nikatuma. Sasa mdogo wangu wa kike anaolewa wiki ijayo, kaiona picha, kaamua fungate lake liwe hukohuko na Ijumaa anamalizia malipo. Nikisema ukweli wifi atanicheka, na kinachoniuma kuliko hata kunguni ni kwamba huenda yeye alipewa chumba kizuri. Nifanyeje?

Mimi, Roho Inaniuma

Roho Inaniuma, pole kwa vipele. Pole yangu inaishia hapo.

Wifi asicheke, kwa hiyo bibi harusi akalale na kunguni? Mdogo wako wa tumbo moja! Hivi dada, una akili timamu kweli? Na hukujiuliza mtu anafuata nini bwawani na mikono mirefu? Wifi yako naye alitafunwa, akaficha vipele, akatafuta pembe yake akapiga picha. Najua hapo umetabasamu. Futa hilo tabasamu, kwa sababu hata kama angelala kama malkia, bado ulipaswa kusema.

Chemsha nguo zote mlizokwenda nazo, begi lianike juani, na usithubutu kuliingiza saluni, wateja wako hawana kosa. Muombe radhi mume wako, kisha ongozaneni mapokezi mkadai kama alivyotaka tangu mwanzo. Picha ya ule ukungu kama huna, kapige, uitume kwenye kundi lilelile.

Lakini hayo yote baadaye. Sasa hivi mpigie mdogo wako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulidanganya, na sababu ni wivu. Wifi atacheka, atachoka. Fungate la mdogo wako ni moja. Piga simu.