Tairi la Polepole

4 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Mama mshonaji unayemsomea Bibi barua hii, shikamoo na wewe, na tafadhali usiruke hata mstari mmoja, maana kwenye simu hasikii na barua ndiyo masikio yake.

Kazi inakwenda. Kila siku natoka na kisanduku cha sampuli za damu kutoka zahanati za pembeni hadi maabara ya hospitali kubwa. Lami moja kwa moja, jua la utosi. Matairi ya pikipiki yamekwisha, la nyuma limekuwa kipara kama cha mwalimu mkuu. Huku madukani yamekaa juani mpaka yamepasuka ubavuni. Naomba uniendee kwa fundi wa matairi jirani yako, yule namwamini. Ukubwa anaujua.

Ila mwambie neno moja. Mwisho wa namba, ubavuni mwa tairi, kuna herufi. Hiyo ndiyo inayoonyesha mwendo ambao tairi linauvumilia. J ni kilomita mia moja kwa saa. P ni mia na hamsini. Nataka P. Nimekuchorea zote mbili kubwa hapa chini ili na wewe ukague: P ni mti wenye kichwa upande mmoja. Ukiona ndoana, hiyo ni J, iache.

Mjukuu wako


15 Machi

Mume wangu wa pikipiki,

Marahaba, marahaba mara mbili, na ya mshonaji ameipokea, amekaza shingo kama kapewa cheo. Goti lipo palepale na mimi nipo palepale, tumezoeana. Kikohozi kimehamia kwa jirani. Na wewe huo mgongo upake mafuta ya moto, usijifanye chuma.

Nimekwenda kwa fundi. Nimekaa benchini kwake asubuhi nzima, akanipa chai ili ninyamaze, sikunyamaza. Nimemwambia anitolee matairi yote juani niyaone. Nimeyabonyeza, nimeyanusa, moja nimelirudisha kwa sababu lilinuka ghala. Watu wakacheka. Na wacheke. Wao hawana mume barabarani.

Ila mia na hamsini, mtoto wangu? Mia na hamsini unakimbilia nini? Hata aliyekufa hakimbizwi hivyo kwenda kuzikwa.

Matairi mawili yanakuja na basi la Jumamosi, nimeyafunga kamba nyekundu. Dereva nimemwambia akiyakalia namjua mama yake. Kula vizuri.

Bibi yako


24 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Matairi yamefika salama, kamba nyekundu na vifundo vyako kumi na viwili. Ilibidi nitafute kisu. Asante sana. Mpira mzuri, laini, mpya kweli.

Ila Bibi, yote mawili ni J. Ndoana. Nadhani fundi alichanganya. Au kosa ni langu, sikupaswa kukubebesha mambo ya herufi wewe, na nimeona haya nilipoliwaza. Nimeyafunga hivyohivyo, maana la zamani lilikuwa limefika kwenye nyuzi.

Na hiyo mia na hamsini, usiogope, pikipiki yangu yenyewe haifiki huko. Ni nafasi tu ya kupumulia. Mimi nakwenda mia, mia na kumi, na mzigo, na lami imechemka. Tairi la J halimzuii mtu kukimbia, Bibi. Pikipiki itakimbia vilevile, ila tairi linapata moto ndani kwa ndani, mpira unaachana na nyuzi, na halikupigii hodi. Kwa hiyo nitajizuia nisipite tisini mpaka nipate mengine. Nakuahidi.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Sisi wazima, hata kuku wazima.

Habari ya herufi nimesikia. Sasa mimi nitajuaje, baba? Darasani nilipita nje tu nikiwa nimebeba kuni. Nilichukua nilichopewa. Nawe umesema tisini, basi iwe tisini, hiyo tisini ni nzuri, imekaa kiungwana. Mtu anaona anakokwenda, anasalimia watu njiani. Usihangaike kutafuta mengine haraka.

Nimekutumia soksi. Mshonaji anasema pikipiki haitaki soksi. Nimemwambia aandike.

Bibi yako


30 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Basi limekuja mara tatu na dereva ananionyesha mikono mitupu kutoka mbali, kabla sijamsalimia. Mshonaji anasema una kazi nyingi, niache kukusumbua. Mimi nakusumbua tangu una meno mawili, sioni kwa nini niache leo.

Niandikie. Hata mstari. Hata ukimpa mtu mwingine aandike.

Bibi yako


19 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Usishtuke kwa mwandiko, ananiandikia muuguzi. Mimi ni mzima wa kuzungumza na kula. Mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika upande wa kulia, na ngozi ya mkono imebaki kwenye lami. Sikutaka ujue mpaka niwe na cha kukutuliza.

Naomba unisamehe. Nilikuahidi tisini. Siku hiyo kulikuwa na mama amejifungua zahanati ya mwisho, anapoteza damu, wakanipa sampuli yake wajue atiwe damu ya kundi gani. Nilikwenda mia na kumi njia nzima. Nilisikia kishindo nyuma, kama mtu amepiga kofi godoro, kisha pikipiki ikawa si yangu. Tairi lilivua ganda.

Kisanduku kilipasuka. Chupa zote, Bibi. Kuna wazee walirudi kutembea mpaka zahanati kuchomwa sindano upya kwa sababu yangu. Yule mama walimkimbiza kwa gari, akaponea tundu la sindano, mtoto naye mzima. Nalala nikimfikiria. Kama ningekwenda tisini ningefika.

Wewe ulinihangaikia ukakaa benchi asubuhi nzima, na mimi nikavunja neno langu. Nisamehe.

Mjukuu wako


27 Mei

Mtoto wangu,

Pole. Pole mwanangu, pole tena, pole ya huo mfupa na ya ngozi yako niliyoiosha mimi.

Usiniombe msamaha. Sitaki kuliona hilo neno kwenye barua yako, nakukataza kama nilivyokuwa nakukataza kugusa jiko. Mshonaji kaniletea uji nimempa paka.

Mwambie huyo muuguzi akufunge vizuri. Sina zaidi.

Bibi yako


10 Juni

Bibi,

Shikamoo. Hii nimeandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana imepinda.

Jana nilimpigia simu fundi wa matairi. Nilimtukana, Bibi. Nilimwambia ameuza J kwa mwanamke asiyesoma kwa sababu alijua hataijua. Akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, “Kijana, P nilimtolea Bibi yako. Alizishika mkononi. Akaniuliza ya polepole ni ipi, nikamwonyesha, akasema nifungie hiyo. Nilimkatalia mara mbili, akaniambia kama sitaki atakaa benchini mpaka nifunge duka.”

Niambie ni uongo nimrudie kumtukana.

Kama ni kweli, sikuulizi kwa nini ulichagua J. Hilo naweza kulielewa. Nauliza lile la pili. Nilikuandikia kwamba tairi halimzuii mtu, kwamba linaungua ndani. Ulisomewa. Kwa nini hukusema hata hapo? Mimi nimekaa hapa wiki zote hizi najiona mshenzi kwa kumtuma mtu asiyesoma dukani.

Mjukuu wako


21 Juni

Mtoto wangu,

Kweli tupu amekwambia huyo fundi. Mshonaji ameshusha kalamu, ananitazama. Nimemwambia aiokote, sijamwita kunitazama.

Ndoana niliijua. Ulinichorea mwenyewe, nami nikaizungusha kidole ubavuni mwa tairi mpaka fundi akasema Bibi utaitoboa. Nilisikia mia na hamsini nikaona maiti. Nikajua moyoni kwamba tairi la polepole litakushika miguu, kama mtoto anavyofungwa kamba kiunoni asifike kisimani. Hapo nilikuwa mjinga, na ujinga huo sina haya nao.

Haya ninayo ya barua yako ya pili. Umeniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu nilifurahi. Ndilo hilo, hakuna jingine zuri zaidi nyuma yake. Mshonaji aliposoma kwamba hutapita tisini, nilipiga kigelegele peke yangu uani. Pale kwenye tairi kuungua ndani nilimwambia asome haraka, soksi zinanisubiri. Nilisikia vizuri. Nikajisemea, akijizuia halitaungua, na akiogopa atajizuia. Nilitaka uogope wewe, badala yangu.

Kisha nikajificha nyuma ya kutosoma. Watu wamenidharau kwa jambo hilo umri wangu wote na sijawahi kulitumia kama pazia. Siku hiyo nililivuta mwenyewe, na aliyelipia ni wewe na wale wazee waliochomwa mara mbili. Na yule mama. Mimi sijawahi kumwona na kila nikifunga macho ananiuliza nilitaka nini.

Mimi, mdomo huu wote! Nimemwambia mwenyekiti ananuka kwapa. Nimemwambia mshonaji suruali zake zinapinda, na zinapinda, andika. Wewe peke yako nilishindwa kukwambia neno dogo: naogopa. Niliona nikilisema utaacha kazi kwa ajili yangu, halafu utanichukia. Sasa nimefanya baya zaidi.

Kwa fundi nilikwenda jana, saa wateja wamejaa. Nikasimama, sikukaa benchini. Nikasema kwa sauti ya kufika barabarani kwamba kijana wangu amemtukana bure na mwongo ni mimi. Akasema, “Yamekwisha, Bibi.” Hayajakwisha, lakini ana adabu.

Tairi jingine sikutumii. Mkono wangu usiguse tena kitu unachokanyagia. Chagua mwenyewe, herufi unayoitaka, na usinishirikishe. Na ukirudi barabarani nitaogopa, kila siku, mpaka nife, nawe hutanizuia kwa hilo. Lakini panda.

Huna deni la kunijibu.

Bibi yako


2 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Mkono umerudi, mwandiko unauona.

Nimechelewa makusudi. Kila nilipoanza barua niliandika maneno makali, nikachana, kisha nikaandika matamu nikaona ni ya uongo, nikachana tena. Hasira bado ninayo. Imepungua, ila ipo, na sitakuficha kama tulivyofichana. Ikiisha nitakuja mwenyewe nikwambie usoni.

Nilikwenda zahanati ya mwisho kumtazama yule mama. Nilimweleza yote, la kwangu la kukimbia na la tairi pia. Akanipa mtoto nimshike, na mtulinga ukauma, sikumwambia.

Nimefunga P mbele na nyuma. Jumatatu nilianza kazi. Njia nzima nilikwenda themanini, Bibi. Tairi lilikuwa linaruhusu zaidi.

Mjukuu wako