Sidi Juu ya Kizibo cha Soda

Alhamisi, 8 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Kache, mjukuu wangu, kaja na boksi la viatu chini ya mwavuli. Nikadhani ameniletea ndara. Wapi! Ndani: joka moja, fisi sita wenye mikuki, simba mwenye mbawa (nani kamwona huyo?), mashujaa watatu, na mchawi mmoja wa kike, mwenye fimbo na kilemba. Wote rangi ya kijivu, wote hawafiki kidole changu cha shahada. Isipokuwa joka. Joka ni ngumi nzima.

Za Nicodemus hizi, Babu. Azitaka Jumamosi ijayo, si kesho kutwa, ile nyingine.

Nicodemus ni karani wa reli, mtu wa Machakos, akaa Buxton. Tumbo hufika kazini kabla yake. Ana mke, ana watoto, ana tai. Na Jumamosi hukaa na wenzake mezani wakapiganisha wanyama kwa dadu! Kache amenirekebisha: si kupiganisha, ni kampeni. Nikamwambia mimi kampeni nazijua, hata fulana zake bado nazilalia.

Wanyama wenyewe Kache huwatoa chuoni kwake, kuna mashine yatema plastiki uzi kwa uzi kama buibui. Kisha huniletea mimi. Mimi niliyeandika majina ya maduka nusu ya Mji wa Kale. Mimi niliyechora twiga kwenye milango ya mabasi ya watalii. Leo nampaka fisi jicho, na jicho lenyewe sawa na ufuta.

Nimewagandisha kila mmoja juu ya kizibo cha soda nipate pa kushika. Nimewapanga dirishani wakauke. Muuza maji amewaona, akahamia upande wa pili wa njia na mkokoteni wake. Simlaumu. Mzee mwenye mvi, peke yake chumbani, na vijitu vyenye pembe dirishani! Huko kwetu bara ya Kilifi ningekuwa nishaitiwa kikao cha uchawi.

Jumamosi, 10 Mei

Fisi wote tayari. Wa tatu nimempa jino la dhahabu, kama la Fundi Ubaid, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nimetoka skuli darasa la nne, najua herufi kubwa tu. Akasema hizo zatosha, mabango hayana haja na ndogo. Nikivuruga mstari, hunipiga kichwani kwa ubao wa rangi na huku acheka. Jino lile lilikuwa laonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Harufu ya rangi ile sasa haiko. Hizi za Kache zanukia kama sabuni ya mtoto. Ile yetu ilikuwa yaingia kichwani, jioni mtu aimba bila kujua aimba nini.

Mkono wa kulia watetemeka. Asubuhi kidogo, mchana zaidi. Nimempa simba mbawa zenye mawimbi, nikasema ni mtindo.

Jumapili, 11 Mei

Sijui niandike vipi.

Nilikuwa nampaka yule mchawi uso. Uso wenyewe punje ya choroko. Brashi ya nywele tatu, kioo cha kukuza puani, pumzi nimeizuia. Nyusi ya kulia ikaenda vizuri. Ya kushoto — mkono ukaruka! Nyusi ikapanda juu, karibu iingie kwenye kilemba. Nikatukana. Nikachukua kitambaa nifute.

Sikufuta.

Sidi. Sidi mtupu! Yuwanitizama kutoka juu ya kizibo cha soda.

Nieleze, maana kesho naweza kusahau. Kazi yangu ya kwanza peke yangu hapa mjini ilikuwa ukuta mrefu wa kushukia Liwatoni. Mwenye ukuta alitaka: USIKOJOE HAPA. Nikaandika, herufi kubwa kama milango, nyekundu, zenye kivuli cheusi. Kazi safi. Lakini nilikuwa nimesimama juani tangu asubuhi nikinywa maji. Nikamaliza, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikajisaidia. Hapo hapo, chini ya OJ.

Nikageuka. Msichana, kapu la samaki kichwani. Hakusema kitu. Nyusi moja tu, ya kushoto, imepanda. Kisha akasoma bango lote kwa sauti, pole pole, kama mwalimu.

Nikamuoa baada ya miezi minane. Nyusi ile niliiona miaka arobaini na moja: nikichelewa, nikidanganya, nikivaa shati la kupigwa pasi bila pasi.

Mwaka wa sita sasa hayuko. Picha zetu zilikuwa kwenye kasha, paa likavuja, zikashikana zikawa keki. Iliyobaki ni ya kitambulisho. Mpiga picha alimwambia tulia mama, na nyusi zote mbili zimelala, kama askari waliokemewa. Huyo simjui. Nimejilazimisha kumkumbuka kwa picha ile, na kila mwaka Sidi wangu amezidi kupauka, na wa kitambulisho amezidi kukaza. Sauti ninayo. Uso ulikuwa umeanza kunitoka.

Leo umerudi, kwa kosa.

Jumatatu, 12 Mei

Huenda ni macho yangu, nikasema. Nimemshusha chini kwa Bi Zakiya, mwenye nyumba, mkaanga viazi karai. Sikumwambia neno. Nikamwekea kizibo karibu na sinia, nikamwambia nitizamie kazi hii.

Akajipangusa unga. Akavaa miwani. Akainama. Mafuta yalia, viazi vyaungua.

Huyu si Sidi huyu?

Nikasema ni mchawi wa Nicodemus.

We Kenga! Mke wa watu akufulie, akupikie, akuvumilie, nawe wamfanya mchawi? Angekuwapo angekutia kofi ukasahau dini yako!

Angenitia, nikasema. Lakini alikuwa ashamshika kwa vidole viwili kama kifaranga, na machozi yamwenda, akasingizia vitunguu. Viazi karai havina vitunguu.

Tukakaa. Tukakumbuka keram, ule mchezo wa kusukuma kete kwa kidole. Ubao ulikuwa pale pale ukumbini kwake, Sidi akirudi Liwatoni hupiga na wanaume, kidole chake kina magamba ya samaki bado. Kipusa chekundu, ile kete ya malkia, hakikumponyoka. Siku moja Ubaid alikuwa amshinda vibaya sana, kiasi cha aibu, na Sidi ana mimba ya miezi minane. Ubaid kwa uungwana akasema basi Bi Sidi, tuvunje, wewe wahitaji kupumzika. Nyusi hiyo! Keti umalize, akamwambia. Sidi akafungwa. Akajifunga leso, akasema kesho tena, akaenda zake juu kuteleka.

Zakiya kanipa viazi vilivyoungua. Nimekula vyote.

Jumanne, 13 Mei

Habari mbaya. Nimemuuliza Kache, kama mtu asiyejali, hawa vidude wakishachezwa huenda wapi?

Kumbe wana sheria yao pale Buxton. Mnyama au mtu akiuawa mezani, aliyemuua humbeba kwenda naye kwake. Ndiyo raha yenyewe, asema. Na mchawi huwa wa kwanza kulengwa, kwa sababu ya uchawi wake. Kuna jamaa aitwa Elvis, dereva wa foklifti Mbaraki, yeye ndiye mwenye joka siku hiyo, na rafu yake nyumbani imejaa maiti za wenzake.

Babu, mbona waniuliza?

Nauliza tu, nikasema, nikaendelea kupangusa brashi.

Ningemwambia. Niseme nini? Mzee wa miaka sabini na tatu amlilia mdoli? Mimi ndiye nichekaye watu mtaa huu. Sikujipanga kuchekwa.

Nikamwambia tu, niletee mchawi mwingine, huyu kiguu chake chalega. Kaleta jioni.

Jumatano, 14 Mei

Nimempaka wa pili niwabadilishe; Kache ashauona uso wa kwanza, lazima wafanane. Nyusi nimeipandisha kwa makusudi, pole pole, vizuri kabisa.

Ametoka shemeji Mirriam! Dada yake Sidi! Hata mdomo uko tayari kuomba sukari.

Nikafuta. Nikajaribu tena. Mirriam. Mara ya tatu, Mirriam na hasira. Nimeungojea mkono utetemeke — leo umetulia kama wa daktari, mwanaharamu.

Alhamisi, 15 Mei

Mimi mpumbavu. Naandika kwa herufi kubwa: MPUMBAVU.

Miaka yote nimewaambia vijana wa rangi, usipulize vanishi siku ya mvua. Unyevu waingia ndani, vanishi yaota ukungu, kazi yote yawa nyeupe. Kisiwa hiki mwezi wa tano ni sufuria lililofunikwa, hewa yenyewe yanyweka. Nimewafukuza watu kazi kwa kosa hilo.

Na leo nikapuliza. Nikaogopa rangi isije ikachubuka wakimshikashika kwa vidole vya chipsi, nikachukua kopo, fyuuu, dirisha wazi, mvua yapiga kizingiti.

Dakika tano. Sidi akageuka mweupe. Uso, kilemba, fimbo. Kama amefunikwa sanda. Nikamwangalia akipotea na mimi nimeshika kopo.

Nikakaa kitandani. Mara ya pili, nikasema. Mara hii nimemzika mwenyewe.

Ndipo nikamsikia Fundi Ubaid, na ule ubao wake kichwani. Mafuta, we punda! Tuliwahi kuharibu bango zima la kinyozi namna hii, mwenye duka yuwaja mchana, Ubaid akatoa kichupa cha mafuta ya nazi ya mkewe, akapangusa kwa pamba. Ukungu ukaondoka.

Nikashuka, Zakiya akanipa mafuta kwenye kifuniko bila kuuliza. Brashi laini. Tone moja. Nikampaka kama alivyokuwa akijipaka mwenyewe akitoka kuoga, kuanzia paji.

Kilemba kikarudi. Jicho. Jicho la pili. Nyusi ya kushoto ya mwisho, ilichelewa kusudi!

Sasa anang'aa kidogo. Na ananukia nazi.

Ijumaa, 16 Mei

Njia nilizofikiria: kaanguka dirishani. Panya kala. Muuza maji kaiba. Kache amewahesabu mbele yangu, akakijaribu kiguu, hakilegi, akamtia Sidi na kumwacha Mirriam, akafunga boksi kwa utepe. Aliponiuliza mbona macho mekundu nikamwambia vitunguu.

Kesho naenda Buxton. Nimesema nataka kuona kampeni.

Jumamosi, 17 Mei

Naandikia hapa hapa sebuleni kwa Nicodemus, daftari juu ya goti. Chai nzuri. Meza imejaa milima ya sponji na misitu ya sufi. Watu wazima watano wamezunguka, hawapepesi macho. Wamezisifu kazi zangu mpaka nikaona haya. Simba wangu wa mawimbi wamesema ni mwenye upepo.

Mke wa Nicodemus kapita na birika, akasema afadhali hii kuliko baa.

Saa nne hivi. Fisi wanne wamekufa. Yule wa jino la dhahabu yu hai, Ubaid mgumu kufa.

Saa tano kasoro. Elvis amesogeza joka. Kijana mwenye mabega, kofia nyuma mbele. Anasema, mzee, leo huyu mama atalala juu ya televisheni yangu. Wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, sijui kwa meno gani. Joka liko mbele yake, midomo wazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipaka moto kooni.

Kache ameinama kwa Nicodemus, amemnong'oneza. Muda mrefu. Nimejua papo hapo: Zakiya! Mdomo wa mwanamke yule ni tundu za chujio.

Nicodemus amefunga kitabu chake cha sheria. Amenijia, tumbo kwanza. Kwa sauti ya chini kama ya kanisani: Mzee Kenga, shikamoo tena. Sikujua. Mtoe tu, umtie mfukoni uende naye. Hapo tutaweka kizibo kitupu, mchezo utaendelea.

Elvis amevua kofia. Mchukue mzee wangu, asema. Mimi nilikuwa natania tu.

Hakuna anayecheka. Nilichokiogopa wiki nzima, hakipo.

Nimemshika. Nimemfikisha mlangoni mwa mfuko, harufu ya nazi ikanipata. Nikamtazama mara moja tu, kwa kuagana na meza.

Nyusi ile!

Miaka arobaini na moja naijua. Keti umalize.

Nimemrudisha mbele ya joka. Nicodemus ameuliza, una hakika, mzee? Sina. Nimesema, mke wangu hajavunjiwa mchezo na Ubaid, atavunjiwa na Elvis?

Basi wamesema, aliyempaka ndiye amtupie. Tano au sita, joka larudi nyuma na Sidi abaki. Nne kushuka chini, aenda kwa Elvis.

Kache amenipa dadu. Ameniambia Babu weka kalamu sasa. Sitaki. Dadu iko mkono wa kushoto, ule ambao hautetemeki, kwa sababu haujawahi kufanya kazi hata siku moja.

Hapana. Huo haukumleta Sidi.

Nimebadilisha. Kalamu kushoto sasa, herufi zalewa, nitazisoma mwenyewe. Dadu kulia. Wote wananitazama. Mkono umeanza wenyewe, mimi sijautikisa —