Kapasita Ndani ya Bahasha

Kwako kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne, nami naijibu nikiwa mzima, wa mwili angalau. Mama kikohozi kimempungua, na bado anamsimulia kila apitaye mlangoni kwamba mwanawe ametengeneza mashine. Baba anauliza kama unakula.

Unasema kisanduku chako cha gitaa, kile cha kugeuza mlio wake, kinakuaibisha. Nyuzi nyembamba kinazifuata vizuri, ila ukigusa uzi mnene sauti inatetemeka kama mtu mwenye homa. Na Jumamosi wenye kiwanda wanataka kusikia nyuzi zote, ndipo waamue kukitengeneza kwa wingi, jina lako likiwa juu ya kifuniko. Kwa hiyo nije upesi na vifaa vyangu, nawe utanitambulisha kama msaidizi wako. Neno hilo nimelisoma mara nyingi, kaka.

Unakumbuka miezi saba niliyokaa kwenye meza ya chumba cha uani nikiunganisha nyaya zake? Ulikuwa ukipita na kikombe cha chai, unaniita Profesa wa Nyaya, unauliza lini nitafufua maiti. Nilikueleza kwamba saketi ile ya kisanduku inahesabu uzi unatikisika mara ngapi kwa sekunde na kuigeuza hesabu hiyo kuwa volti. Noti ikipanda, volti zinapanda, nazo ndizo zinazobadilisha mlio. Ukapiga miayo. Lakini siku ilipokubali, wewe ndiye uliyepiga gitaa, nami nikalia, ukanifuta machozi kwa mkono wa shati lako. Hilo sijalisahau, na ndilo linaloniuma zaidi.

Siku mbili baadaye ulikuja na mpiga ngoma wenu, mkaketi chini ya dirisha langu. Alikuuliza nani amekiunda kisanduku. Ukasema ni wewe, peke yako. Akauliza, na mdogo wako je, mbona meza yake imejaa nyaya? Ukacheka, ukasema mimi nakushikia tochi tu.

Kaka, kisanduku hakijaharibika. Siku ile ulipokipigia gitaa mara ya kwanza, kilikuwa kinaufuata hata uzi mnene kuliko wote. Usiku wa siku niliyokusikia dirishani nilikifungua, nikang'oa kapasita, kile kidude kinachotuliza volti zisitetemeke uzi mnene ukipigwa, nikaweka ndogo isiyotosha, na kesho yake nikakukabidhi huku natabasamu. Nilijua hutagundua upesi, maana jukwaani unajionyeshea kwenye nyuzi nyembamba. Nilitaka urudi uniulize, mara moja tu, mbele ya watu. Umechukua mwaka mzima, na umeniuliza kwa siri.

Sitakuja. Kapasita ya kwanza imo ndani ya bahasha hii, nimeiviringisha kwa pamba. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi kwa anayejua kuchomelea nyaya. Wewe hujui. Itabidi umwombe mtu, naye akishafungua kifuniko atakuuliza wewe, uliyekiunda peke yako, inakaa wapi.

Wazazi wanakusalimu. Usiache kula.

Ni mimi mdogo wako,
mshika tochi