Harufu Aliyoikubali Mama

Manyatta, Kisumu
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Lornah,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Uingereza? Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Mimi ni mzima, ila mgongo. Mama naye mwili hauna neno. Ni akili inayozidi kutuaga kidogo kidogo, na kusema kweli nina huzuni nyingi.

Kachupa ka mafuta ya lavenda kalifika. Ulisema kwenye makao unakofanya kazi yanawatuliza wazee waliopoteza kumbukumbu, nami nilikuwa nimechoka kukwaruzwa kila nikimwogesha Mama. Basi nikadondoshea mto wake matone machache.

Mama alinusa, akasimama, akapiga nduru. Lornah, ni harufu ileile ya manukato waliyompulizia Baba kwenye jeneza! "Baba Perez wamemleta na nyinyi mnanificha!" Alimlilia upya kana kwamba hatukumzika. Majirani wakaja mbio, Obiero akiwa amebeba viti vya kanisa kabisa, akidhani tuna msiba. Nikawapikia chai, ningefanya nini? Mama hakunyamaza mpaka sauti ilipomkauka.

Usijilaumu, nyamera, mdogo wangu. Ulitutakia mema, na wazee wako huenda yanawafaa. Kila mtu na pua yake.

Dawa ya Mama ilikuwa jikoni. Majuzi alikataa kuoga, akanizaba kofi, nikamwacha, nikaenda kuchambua omena, dagaa wa jioni, huku nalia. Akaifuata harufu, akaketi, akaninyang'anya ungo na kuanza kuchambua kwa vidole vilevile vya biashara yake ya omena sokoni Kibuye. Alipomaliza alioga bila ugomvi. Tangu hapo nampa ungo kwanza. Nyumba nzima inanuka, na paka wa mtaa wamehamia mlangoni, lakini makofi yameisha.

Msalimie shemeji Masinde na watoto. Shangazi Mercyline anakusalimu sana, anauliza utakuja lini.

Nilitaka kufunga hapa, ila kuna jambo sijakwambia. Mama akishika ungo wake, mimi huwa mnunuzi. "Kastoma wangu, umepotea sana!" ananiambia. Hanijui, Lornah. Nami nanunua tu.

Jana alinipimia, kisha akaniongezea kwa mkono, kama alivyokuwa akiwaongezea wateja wake. "Hii ya juu upelekee mama yako. Mwambie ni Mama Perez amemtumia."

Jina langu bado analo. Uso ndio umempotea.

Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Jioni niliipika, nikampelekea mama yangu kama nilivyoagizwa. Alikula yote.

Mungu akutunze, na akulete nyumbani Mama akiwa bado anauza.

Dada yako akupendaye daima,
Perez