Weldi Iliyopoa Ndani ya Majivu

Tucson, Arizona
9 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Norbert,

Nakusalimu kutoka huku jangwani, ambako mwezi Machi watu tayari wanagombea kivuli. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi lina maoni yake juu ya kila ngazi. Wewe je, mgongo umekuachia? Na wifi yangu Bernita, bado anawagawia majirani kabichi yake ya kuchachusha hata wasiomwomba? Mwambie namkumbuka, na kwamba huku hakuna anayejua kuitengeneza.

Barua yako ilifika Jumatano pamoja na picha. Nilizitandaza juu ya meza ya jikoni, nikavaa miwani, nikazitazama moja moja. Nimeishi mbali na Lindenau kwa miaka thelathini na minane. Nimejifunza majina ya miiba ya huku, nimemzika mume wangu huku, na watu wa posta wananiita mwenyeji. Lakini nilipoliona lile gari la Baba nilinusa gereji yetu: grisi, moshi wa jiko la makaa, na kahawa ya Baba iliyoachwa motoni hadi ikaungua. Kwamba umelikuta katika ghala la majani makavu kule Illinois, kuku wamefanya kiti cha dereva kuwa kiota chao, hilo limenichekesha na kuniliza kwa pamoja.

Unasema utalitengeneza liwe kama jipya kwa maonyesho ya magari ya zamani mwezi Agosti. Unasema pia kwamba umekuta kishikio cha injini, kile cha kushoto, kimechomelewa vibaya: vipande vifupi vifupi, kama vya mtu aliyekuwa akisitasita, na vyote vinakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume na mkono wa Baba. Umeniuliza mzee alikuwa amekunywa nini siku hiyo. Unataka kukikata, uweke kingine kipya, laini, ili waamuzi wasikupunguzie alama. Kisha unataka bango lenye maneno “Kazi ya August Steinkamp”. Nakuomba, kabla hujashika jiwe la kusagia chuma, unisome hadi mwisho.

Mwaka ule wa 1958 wewe ulikuwa jeshini Ujerumani, ukila soseji za mababu zetu kwa gharama ya serikali, kwa hiyo hadithi uliipata ikiwa imekwisha kupikwa na kupakuliwa. Siku zile hakuna kiwanda kilichofikiria kumuuzia mtu wa Lindenau gari jepesi lenye injini ya gari zito. Aliyelitaka alilijenga mwenyewe. Kila mji mdogo ulikuwa na gereji yake, na kila gereji ilikuwa na kitu kimefunikwa turubai kule nyuma, ambacho mwenyewe hakukisema ila macho yake yaliendelea kukichungulia.

Chini ya turubai la Baba kulikuwa na Ford ya mwaka hamsini na moja, ile ya milango miwili ambayo Shangazi Hedwig aliiendesha kwenda kanisani na kurudi, basi. Injini ilitoka kwenye Cadillac ya kubebea majeneza ya Bwana Wessel wa nyumba ya mazishi. Lori la mahindi liliigonga ile Cadillac nyuma, bodi ikapinda, lakini injini haikupata hata mkwaruzo. Baba aliitoa akaishusha ndani ya gari la shangazi kama mtu anayemlaza ng'ombe kwenye kitanda cha mtoto.

Unaweza kufikiria mji ulivyosema. Delbert Rusk, yule mwenye gereji kule Carthel, ambaye mdomo wake ulikuwa na nguvu kuliko kabureta zake zote, alikuja akaegemea mlango wetu na kumuuliza Baba kama wafiwa watatembea mbele ya gari au nyuma yake. Baba alimjibu bila kuinua kichwa kwamba yeye Delbert atakuwa nyuma, alete shada la maua tu.

Ila mara ya kwanza waliposhindana mbio, mwezi Mei, kwenye ule uwanja wa ndege ulioachwa na jeshi, mambo yaligeuka. Bendera ilishuka, Baba akakanyaga, na injini ile ikajipinda kama fahali anayekataa kamba. Kishikio cha kushoto kikakatika, feni ikaitafuna rejeta, gari likasimama pale pale likitoa mvuke. Delbert alirudi polepole, akashuka, akavua kofia, akaiweka kifuani na kusema, “Apumzike kwa amani.” Watu wote walicheka. Padri Kunz naye alicheka, nilimwona.

Kicheko kile hakikubaki uwanjani. Juma lililofuata wakulima wawili walipeleka matrekta yao Carthel, kisha muuza maziwa naye akaenda. Walisema kwa upole kabisa, wakimwambia Baba, “Gus, usichukulie vibaya, tunajaribu tu.” Unajua upole wa watu wetu: unaweza kufunga gereji.

Baba alitengeneza kishikio kingine kwa springi ya lori, kwa sababu aliamini hakuna chuma kilicho na nguvu kuliko springi. Akakichomelea, akakigonga kwa nyundo kukijaribu, kikapasuka kandokando ya weldi. Akatengeneza kingine. Nacho kikapasuka. Mtu aliyekuwa akiimba hata akifungua nati zenye kutu sasa alikaa tu juu ya tairi, nyundo mapajani.

Halafu, kama unavyojua, ikaja pikiniki ya parokia mwezi Julai, na baada ya misa mji mzima ukahamia uwanjani. Hii sehemu umesimuliwa mara mia, nami naipenda hata hivyo. Baba na Delbert, ubavu kwa ubavu. Delbert alimpigia kelele kupitia dirishani, “Gus, umeshaungama?” Baba akasema ameungama, ila dhambi anayokwenda kuifanya sasa hivi ataiungama Jumamosi. Bendera ikashuka. Lile gari la shangazi halikuondoka, Norbert, liling'oka. Lilimpita Delbert kabla hajaingiza gia ya pili, na ule mngurumo ulisikika hadi kwenye masufuria ya supu ya kobe, ambako akina mama walikuwa wakikoroga kwa makasia.

Wanaume walimbeba Baba. Walimshika mkono wa kulia, wakauinua juu, wakasema, “Mkono huu jamani, tazameni mkono huu!” Mimi nilikuwa karibu. Baba aliutazama mkono wake kama vile ameuazima.

Akashuka mabegani mwao, akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya supu na bakuli lake. Mama alikuwa pale na aproni yake ya chama cha altare, jasho usoni, kasia mkononi. Hakuwa ameinua macho gari lilipopita. Alikuwa amesimamisha kasia tu, akasikiliza. Alimmiminia Baba pawa mbili badala ya moja na kumuuliza, “Kimeshika?”

Baba akasema, “Kimeshika, Ottilie.”

Sasa nirudi nyuma wiki moja kabla ya pikiniki, Jumamosi mchana. Mama alileta chakula gereji, mkate na soseji ya maini, akamkuta Baba juu ya lile tairi. Aliokota kishikio kilichopasuka, akakipeleka dirishani, akautazama ule ufa kama alivyokagua mayai yenye nyufa. Akasema, “Chuma hiki hakina kosa, August. Wewe ndiye una haraka nacho.” Baba alitaka kumjibu, kisha nikaona amekumbuka, akasogea kumpisha.

Wewe na mimi tuliambiwa kwamba wakati wa vita, Baba akiwa Italia nasi tukilala kwa bibi, Mama alifanya kazi mtoni, kwenye kiwanda cha meli. Najua siku zote ulidhani alikuwa jikoni mwa kiwanda. Norbert, Mama alikuwa mchomeleaji. Alichomelea matumbo ya meli zilizobeba vifaru kuvuka bahari. Vita vilipokwisha walimshika mkono, wakamshukuru, wakamrudisha nyumbani, naye akakiweka kinyago chake cha weldi kwenye sanduku la mapambo ya Krismasi, chini ya malaika. Siku hiyo alinituma nikilete. Akaniambia nije pia na ndoo ya majivu ya moto kutoka kwenye jiko.

Kwanza alikipasha kishikio moto hadi mate aliyokitemea yakaruka juu yake. Kisha akawasha ile mashine ya umeme ambayo Baba aliiogopa kidogo, akashika kijiti cha kuchomelea kwa mkono wake wa kushoto, mkono ambao masista walimchapa shuleni ili auache. Alichomelea kipande kifupi upande huu, akangoja. Kifupi upande ule, akangoja. Hakuwa akisitasita, mdogo wangu. Alikuwa akikipa chuma nafasi ya kupumua. Alipomaliza alikizika chote ndani ya majivu na kutukataza kukigusa hadi kesho yake. Springi ikipoa ghafla, alisema, inakuwa kama kioo. Kesho yake baada ya misa Baba alikipiga nyundo hadi akachoka yeye.

Baba alitaka kuutangazia mji. Mama alikataa. Alisema wakijua, hawatauliza yeye anajua nini. Watauliza August hajui nini tena. Akaniapisha nisimwambie mtu gereji ikiwa bado wazi, na wewe hasa, ambaye ungerudi kusimama nyuma ya kaunta ile ile. Nimeitunza ahadi hiyo kupitia maziko yao wote wawili, wala haikuwa mzigo. Ilikuwa kama pete iliyo ndani ya glavu. Katika barua yako umeniambia kwamba mlango wa gereji uliufunga mwezi Oktoba na bango umelishusha. Basi nami nimemaliza.

Kwa hiyo usikikate. Paka rangi gari lote, ng'arisha kila bati, lakini pale acha chuma kitupu, na boneti ikae wazi. Bango liseme: Injini ya Bwana Wessel. Bodi ya Hedwig. Gari la August Steinkamp. Weldi ya Ottilie Steinkamp. Waamuzi wakikupunguzia alama, zipokee kwa kichwa juu.

Nisalimie Bernita, watoto, na wazee wenzetu waliobaki pale. Weka ua moja kwa Mama, kwa mkono wa kushoto. Na siku utakayoliwasha, lipeleke barabara ya uwanja wa zamani, kanyaga hadi mwisho mara moja tu, halafu unipigie simu. Sitakuuliza habari za rangi. Nitakuuliza tu, kimeshika?

Dada yako akupendaye,
Lorena