Kadi ya Skolastika

Jumatatu, 3 Juni

Uji saa moja. Kidonge cha kupunguza maji mwilini, kidonge cha moyo. Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kazi yangu ilikuwa kuyatazama mashimo hayo kwenye miguu ya watu wengine.

Skolastika ameniosha kwa maji ya moto. Baridi kali. Ukungu umelala kwenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia mahindi, mpaka saa nne. Yeye ni mke wa mwanangu Aloisi, binti wa mvuvi wa Chiwanda. Kwetu Umatengoni mkamwana hakai mkeka mmoja na baba mkwe, wala haingii chumbani kwake. Sasa anaingia. Mke wangu alishakufa. Aloisi yuko barabarani na lori la kahawa, nyumbani anaonekana Jumapili. Nani mwingine aniguse?

Alipoinama juu ya beseni nilisikia harufu.

Naijua ile harufu.

Jumatano, 5 Juni

Nimemtazama siku mbili kama tabibu, si kama mkwe. Anashika kiuno akiinuka. Mashavu yamebonyea. Khanga zake haziko tena kwenye kamba ya uani. Nimejikokota na mkongojo mpaka nyuma ya banda la mbuzi. Zimeanikwa huko. Damu haikutoka yote.

Nina woga. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Sikusema kitu.

Jumapili, 9 Juni

Aloisi yupo. Baada ya misa alivuta kigoda akakaa karibu nami, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba, Mama Festo anatokwa damu. Inakatika, haijaisha wiki imerudi."

Festo ni mtoto wao wa kwanza. Sijamsikia Aloisi akimwita mkewe kwa jina jingine.

"Mpeleke hospitali Mbinga."

"Hataki. Anasema kadi anayo. Wewe mwenyewe ulimpima kule ziwani, ukaandika hasi." Akanitazama. "Si ulimpima, Baba?"

Nikasema kipimo kile ni cha zamani, hakidumu milele, lazima kirudiwe. Kila neno lilikuwa kweli. Jibu zima lilikuwa uongo.

Jumatatu, 10 Juni

Niandike sasa, mkono ungali unashika kalamu.

Ni miaka kumi na moja iliyopita, mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa tabibu wa zahanati ndogo kando ya ziwa, mbele kidogo ya Ngumbo. Aloisi na mkewe walikuwa wakiishi nami. Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzoni Songea, nimejifunza kipimo cha siki cha saratani ya kizazi. Unapaka siki kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja, unamulika taa. Penye ugonjwa unaotaka kuanza panageuka peupe. Unapagandisha kwa gesi baridi hapohapo, mama anarudi shambani kwake. Katika kazi yangu yote sikuwahi kupewa silaha nyepesi kama ile.

Wanawake hawakuja. Wiki ya kwanza hakuja hata mmoja. Nikaomba nafasi kanisani, mwisho wa misa. Nikahubiri kuliko padri. Mama Osmundi, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, akasimama katikati ya viti.

"Dokta, na mkamwana wako yumo kwenye hiyo foleni? Au macho yako yanachagua?"

Kanisa zima likacheka. Nami nikacheka. Nikasema kwa sauti kubwa: kesho atakuwa wa kwanza.

Skolastika alikuwa amekaa upande wa wanawake. Sikuwa nimemwuliza. Aliinamisha kichwa.

Nesi, ambaye angeweza kumpima badala yangu, alikuwa ameitwa Mbinga kufuata chanjo, angerudi baada ya siku mbili. Nilijua hivyo nilipotamka ile "kesho". Ningeweza kuahirisha. Lakini asubuhi benchi lilikuwa limejaa, Mama Osmundi akiwa mbele, shingo ameirefusha. Kumrudisha mkamwana wangu ilikuwa kulirudisha benchi zima. Kumpima ilikuwa kuona kile ambacho baba mkwe hapaswi kukiona hata kwa bahati mbaya.

Akaingia. Akapanda kitandani, akajifunika uso kwa khanga. Nikavuta pazia, nikasimama upande wa pili, uso ukutani. Chupa ya siki mkononi, kizibo hakijafunguliwa. Nikatazama saa. Dakika moja. Nikasema, "Tayari, mama." Nikachukua kadi nikaandika: Hasi.

Sikumgusa. Sikumwona.

Nilijiambia hajui kipimo kinavyokwenda, atadhani kimekwisha. Mtu hujiambia mengi.

Nje nikamsikia akiwaambia wenzake, "Haiumi hata kidogo." Wakaingia mmoja mmoja mpaka jioni. Hao niliwapima, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao kabla.

Kila Pasaka nimeungama. Hili sikuliungama. Nililiita heshima, na heshima si dhambi.

Jumatano, 12 Juni

Mgeni. Mama Osmundi amepanda kutoka ziwani kuja kuniona, na ndoo ndogo ya usipa mkavu.

"Shikamoo, Dokta! Bado unapumua? Kumbe na Mungu naye ana foleni."

Amenenepa. Ana sauti ileile. Siku ile, baada ya maneno yake yote, ni kwake nilikoona peupe. Nilipagandisha. Akaishi.

Akampiga Skolastika begani. "Na huyu ndiye aliyenitia moyo. Katoka mle ndani anasema haiumi. Muongo mkubwa! Mimi iliniuma!"

Walicheka wote wawili. Skolastika alicheka bila kunitazama, kisha akaenda jikoni kuwasha moto. Alikawia huko.

Leo nimemchukia Mama Osmundi kwa sababu yu hai. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 13 Juni

Pumzi fupi. Nimelala nimeegemea mito mitatu. Nikifa kabla ya kusema, ile kadi itaendelea kusema hasi, na Skolastika atakaa nayo nyumbani mpaka kaburini. Kesho.

Ijumaa, 14 Juni

Nimesema.

Alikuja na beseni kama kila siku. Nikamwambia: "Skolastika, siku ile kule zahanati sikukupima."

Beseni halikumtoka mikononi.

"Baba, nilikuwepo."

Akaliweka beseni chini, akapiga magoti, akaushika mguu wangu wa kushoto. Alizungumza akiwa ameinamia maji.

"Nilisikia umegeukia ukuta. Nikamshukuru Mungu. Nikatoka nikasema haiumi, maana kweli haikuuma."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi, nesi akiwepo.

"Wapimaji wamepita mara ngapi, Baba? Kule ziwani, na huku Mkumbi. Kila mara nikawaonyesha kadi. Ningewaambiaje? Dokta aliandika bila kupima? Wangekucheka mpaka Chiwanda."

Kwa hiyo alijua. Miaka kumi na moja nilidhani ninamficha yeye jambo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinifichia mimi jambo hilo mbele ya watu, na malipo yake ni haya.

Nilimwomba aende hospitali. Nilimwambia, mwanangu, mila yenyewe imeshakufa, wewe unaniosha miguu humu chumbani.

Akasema: "Kukuosha mimi nimeweza. Kunitazama ndiko kulikokushinda wewe."

Akamalizia mguu wa kulia. Maji yalikuwa yamepoa. Akamwaga, akarudi mlangoni, akasema Aloisi akija atakwenda.

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba.

Jumatatu, 17 Juni

Wameondoka alfajiri na lori. Nimesali rozari, nikasahau niko fungu la ngapi, nikaanza upya.

Alhamisi, 20 Juni

Wamerudi. Aloisi anazungumza na ukuta. Daktari aliona kwa macho tu, hakuhitaji siki. Ugonjwa umetoka kwenye kizazi, umeshika kibofu. Hapa kwetu hakuna cha kufanya. Apelekwe mbali, kwenye mionzi. Hawakumwambia atapona. Wamesema watajaribu.

Daktari alimwuliza kama aliwahi kupimwa. Aloisi anasema mkewe alinyamaza, kadi imo ndani ya pochi.

Bado. Bado ananilinda.

Jumapili, 23 Juni

Kesho wanasafiri. Mchana, Aloisi akiwa nje anafunga mizigo, Skolastika aliingia na ile kadi na kalamu.

"Andika ukweli. Huko ninakokwenda nitawaonyesha."

Mwandiko wangu wa zamani ulikuwa umenyooka, mzuri. Nikalikata neno Hasi kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, kisomeke kilichokatwa. Juu yake nikaandika: Hakupimwa. Herufi zimelala ovyo.

"Niandike sababu?"

"Andika aibu."

"Yangu au yako?"

"Kadi ni ndogo, Baba."

Nikaandika aibu. Nikatia sahihi na tarehe. Akapuliza wino ukauka.

Mengine alinipa kama maagizo. Mama Osmundi nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Aloisi nisimwambie. "Huyo ni wangu. Nitamwambia njiani."

Kisha akaniosha miguu, ingawa haikuwa saa yake.

Jumatatu, 24 Juni

Wamekwenda. Alipita mbele yangu kuelekea kwenye lori. Mbele kabisa, bila kuzunguka nyuma ya kiti kama mila inavyomtaka mkamwana. Nilifurahi. Sijui kwa nini niandike hivyo, lakini nilifurahi.

Jumanne, 25 Juni

Nimempigia simu Mama Osmundi. Nikamweleza tangu mwanzo: kanisa, pazia, ukuta, kizibo. Nilingoja mzaha wake. Nadhani niliutaka.

Hakufanya mzaha.

Akauliza, "Na sisi wengine?"

Nikasema nyinyi niliwapima. Wote. Wewe unajua, nilikugandisha.

"Mimi najua yangu. Wale wenzangu uliowaandikia hasi, watajuaje?"

Hawatajua. Neno langu halina tena uzito wa kuwajulisha. Nikamwambia awapitie wote waliokaa kwenye benchi lile, waende wakapimwe upya, waseme mimi ndiye niliyewatuma na wataje sababu. Akasema kesho anaanza, nyumba kwa nyumba. Akakata bila kuniaga. Mama Osmundi, ambaye kuniaga humchukua nusu saa.

Basi. Jina nililolilinda litatembea ufukweni kote pamoja na ndoo ya usipa.

Alhamisi, 27 Juni

Uji umeletwa na jirani. Hauna chumvi. Nimeunywa.

Miguu haijaoshwa siku tatu. Beseni limeegemea ukuta, alivyoliacha.

Watakuwa wameshafika. Aloisi hupiga simu kila anapofika, hata akifika Songea tu, hata kama hana la kusema zaidi ya kwamba amefika. Safari hii hajapiga.

Ameshaambiwa, basi.

Simu nimeiweka kitandani, karibu na mkono. Nimeitazama. Chaji imejaa.